Daktari anataka kuzima ovari zangu kwa sindano: je, nikubali?

Mama Mshauri,

Nakusalimu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina umri wa miaka 34, nina mume na watoto wawili, na kazi yangu ni kutunza hesabu katika depo ya unga wa mahindi. Nakuandikia leo kwa sababu wiki hii akili yangu iko mahali pake. Baada ya siku kumi hivi sitaweza kuandika barua inayoeleweka.

Tangu nilipojifungua mtoto wa pili, miaka mitano iliyopita, kila mwezi napoteza siku nane hadi kumi. Naamka asubuhi nikiwa na uzito kifuani, nalia kwa sababu ya chumvi iliyomwagika, nagombana na wateja ambao juzi tu nilikuwa nacheka nao, na hesabu ninazozijua kwa kichwa zinanishinda. Usingizi unakimbia usiku na kunielemea mchana. Matiti yanauma na tumbo linajaa, ingawa hayo naweza kuyavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni mawazo yanayonijia usiku kwamba watoto wangekaa vizuri zaidi kwa bibi yao kama mimi nisingekuwapo. Siku ya pili ya hedhi yote yanakatika kama mvua, nami nabaki na aibu na kazi ya kuomba radhi mlango kwa mlango.

Mume wangu anafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi; anakaa huko wiki tatu na kurudi nyumbani wiki moja. Likizo yake ikiangukia wiki yangu nzuri, ananikuta mke aliyemwoa. Ikiangukia wiki mbaya, anasema nina mtu mwingine ndiyo maana simtaki nyumbani. Mama mkwe amekwisha kusema ni pepo, na mara mbili nimepelekwa chumba cha maombi na kufunga siku tatu. Maombi siyakatai, Mama, lakini hedhi ilipofika nikapata nafuu, wakashangilia kwamba pepo ametoka, na mwezi uliofuata akarudi kwa wakati wake ule ule.

Nimetibiwa malaria mara nyingi bila hata kupimwa damu. Daktari mmoja aliniandikia fluoksetini, nikaimeza siku nne tu, kwa sababu muuza dawa aliniambia mbele ya watu kwamba hiyo ni dawa ya wazimu. Niongeze pia kwamba baada ya kujifungua nilichomwa sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, na miezi hiyo yote mitatu ilikuwa giza tupu, nikaapa kutoirudia.

Sasa daktari wa wanawake, baada ya kunisikiliza mara moja, amesema tuzime ovari kwa sindano ya triptorelini kila mwezi kwa miezi sita. Sindano moja inakula zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anasema ni ile ile ya uzazi wa mpango iliyobadilishwa jina ili nitozwe pesa. Mama mkwe anasema nitakuwa mgumba, na mimi bado natamani mtoto wa tatu. Je, nikubali? Je, nitazeeka kabla ya wakati wangu?

Mama wa Wawili, Katuba

*

Mwanangu,

Kabla ya sindano, nataka turudi kwenye sentensi uliyoiweka katikati ya barua kana kwamba ni jambo la kupita, ile ya watoto kukaa vizuri zaidi wewe ukiwa haupo. Mawazo hayo yakija usiku, hayasubiri daftari nitakalokueleza mbele wala miadi ya mwezi ujao. Mwambie mtu mmoja mzima unayemwamini, leo, katika wiki hii ambayo unaweza kuongea bila kulia. Nadhani yaya wako anafaa, hata kama kuhusu sindano amekosea. Mwombe alale kwako siku zile mbaya mume akiwa Kolwezi, na dawa zote za nyumbani, pamoja na zile za panya, azihifadhi kwake. Mawazo yakigeuka kuwa mpango, yaani ukianza kufikiria namna na saa, nenda hospitali usiku huo huo, iwe Sendwe au kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, na useme wazi umekuja kwa sababu gani. Huko siko kwa watu wanaookota makaratasi barabarani peke yao. Ni kwa mtu yeyote ambaye usiku umemshinda.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Unachokieleza kinafanana sana na hali ambayo wataalamu wanaiita sonona kali ya kabla ya hedhi, ambayo ni tofauti na ule usumbufu wa kawaida ambao wengi wetu tunaupata na kuunyamazia. Makadirio yanayotumika sana yanasema inawapata wanawake kati ya 3 na 8 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Madaktari wa akili wa Marekani waliiandika rasmi kama ugonjwa katika mwongozo wao wa mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Nakutajia miaka hii ili uone kwamba daktari aliyesoma zamani anaweza kuwa hakufundishwa jambo hili kabisa, na kwamba kutibiwa malaria miaka mitano hakukutokana na wewe kujieleza vibaya.

Kinachosumbua ni kwamba homoni zako huenda ni za kawaida kabisa, na ukipimwa damu utaambiwa huna kitu. Mwaka 1998 Peter Schmidt na wenzake, katika taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya ya akili, walizima ovari za wanawake wenye tatizo kama lako kwa sindano ya jamii hiyo hiyo uliyoandikiwa, na wengi wao wakapata nafuu. Kisha wakawarudishia estrojeni au projesteroni, homoni mbili za ovari, kwa kiasi cha kawaida cha mwili, na dalili zikarudi. Lakini wanawake wasio na tatizo hilo, waliotendewa vivyo hivyo, hawakuhisi lolote. Kwa maneno mengine, homoni ni zile zile, ila ubongo wa baadhi yetu unazipokea vibaya. Uchunguzi wao wa baadaye, uliotangazwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kinachouchokoza ubongo huo ni mabadiliko ya homoni: zilipokaa mahali pamoja bila kupanda wala kushuka, dalili zilizojitokeza mwezi wa kwanza zilitulia katika miezi iliyofuata. Shika neno hilo, mabadiliko, kwa sababu litatusaidia mbele.

Sindano yenyewe inafanya kazi kwa njia ya ajabu kidogo. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayotuma homoni ndogo kwa mapigo, kila baada ya dakika 60 hadi 90 au zaidi kidogo, kwenda kwenye tezi ya pituitari, ambayo nayo inaziamuru ovari kukomaza yai. Roger Guillemin na Andrew Schally, waliogundua muundo wa homoni hiyo, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Triptorelini, kama ndugu zake luprorelini na goserelini, ni nakala ya homoni hiyo yenye nguvu zaidi, lakini haiji kwa mapigo; inamwagika polepole mwezi mzima bila kupumzika. Ni kama mtu anayegonga mlango wako mchana na usiku: mwanzoni unakimbilia kufungua, baadaye unaacha kabisa kumsikia. Pituitari inaacha kuitikia, ovari zinalala, hedhi inakoma, na kupanda na kushuka kule kunakokutesa kunakoma pamoja nayo.

Angalia hapo niliposema mwanzoni unakimbilia kufungua. Katika wiki moja au mbili za kwanza homoni hupanda kabla ya kuanguka, na katika siku hizo dalili zinaweza kuwa mbaya kuliko ulivyozoea. Mwanamke ambaye hakuambiwa hili hudhani dawa imemshinda, na mwanamke mwenye mawazo kama yako anaweza kuumia. Kama siku moja utachomwa sindano hiyo, yaya awe karibu nawe wiki mbili kamili.

Unaona basi kwamba siyo ile ya uzazi wa mpango. Ile ya miezi mitatu ni projestini, ndugu wa projesteroni wa kutengenezwa, na inakuongezea kitu cha jamii ile ile ambayo ubongo wako haupatani nayo. Wala usishangae kwamba ulikaa gizani, na ulifanya vizuri kutoirudia. Mweleze daktari habari hiyo, kwa sababu ni dalili ya maana kuliko vipimo vingi. Ila yaya wako asije akafurahi kwamba hii mpya ni kinga nyingine ya mimba: haitegemewi kwa kazi hiyo, kwa hiyo lazima uhakikishiwe kwanza kwamba huna mimba, na muda wote wa matibabu mtumie kondomu au kitanzi kisicho na homoni, yaani kile cha shaba.

Kuhusu kuzeeka, jibu la kweli lina pande mbili. Ovari zikilala, mwili unaonja hali ya mwanamke aliyekoma hedhi: joto linalopanda usoni, jasho la usiku, ukavu ukeni, pengine kukosa usingizi. Hayo huondoka dawa ikiachwa. Jambo zito ni mifupa, kwa sababu mifupa hulindwa na estrojeni, na ikikosa estrojeni huanza kupoteza uzito wake ndani ya miezi michache. Ndiyo maana miezi sita ndiyo mpaka unaotajwa kwa sindano hii ikitumiwa peke yake, na ndiyo maana miongozo ya madaktari inataka mgonjwa anayeendelea zaidi arudishiwe estrojeni kidogo pamoja na homoni ya kulinda ukuta wa kizazi, kila siku bila kukatiza, na apimwe uzito wa mifupa. Utauliza: si homoni hizo hizo zilizonitesa? Ndizo, lakini hapa zinakaa kiwango kimoja, na lile neno mabadiliko ndilo linaloeleza kwa nini wanawake wengi wanazivumilia baada ya mwezi wa kwanza wenye misukosuko. Barua yako haisemi kama daktari alitaja homoni za kurudishiwa. Muulize. Ndakala, wale dagaa tunaowala pamoja na mifupa yao, wanakupa kalisi, na uendelee kuwala, lakini kwa kazi hii hawatoshi.

Ugumba, hapana. Sindano hii haiui ovari. Inanyamazisha amri inayotoka juu, na baada ya kuiacha hedhi kwa kawaida hurudi ndani ya miezi michache. Baadhi ya ndugu zake hutumika hata katika matibabu ya kuwasaidia wanawake wanaotafuta mtoto. Kinachomaliza uzazi ni hatua nyingine, ile ya kuondoa ovari kwa upasuaji, ambayo huko mbele huzungumziwa kwa wanawake wachache walioshindwa na kila dawa. Na hata hapo sindano hutumika kwanza kama jaribio, ili ijulikane kama kuzimwa kwa ovari kunaleta nafuu kabla kisu hakijagusa mtu. Wewe unayetamani mtoto wa tatu, mtu akikutajia upasuaji, chukua mkoba wako uondoke.

Baada ya yote hayo, ushauri wangu ni kwamba usikubali sindano hiyo sasa. Sisemi usiikubali kamwe. Dawa ni ya kweli na daktari hakukudanganya, lakini naona ameruka ngazi mbili, na ngazi ya tatu ndiyo yenye gharama kubwa kwa mfuko na kwa mifupa.

Ngazi ya kwanza ni daftari. Hakuna kipimo cha damu cha ugonjwa huu. Kinachouthibitisha ni kumbukumbu ya kila siku kwa mizunguko miwili ya hedhi, iliyoandikwa siku ile ile, siyo kwa kukumbuka mwisho wa mwezi. Wewe ni mtu wa hesabu, kazi hii itakuwa nyepesi kwako. Chora safu za huzuni, hasira, wasiwasi, usingizi, hamu ya kula, umakini kazini na maumivu ya mwili, na kila jioni weka alama kutoka 1 mpaka 6, ukionyesha pia siku za hedhi. Dalili zikijaa wiki ya mwisho kabla ya hedhi, zikaanza kupungua siku chache baada ya damu kutoka, na wiki inayofuata ikabaki karibu tupu, basi jina la ugonjwa limepatikana. Lakini daftari likionyesha kwamba huzuni ipo mwezi mzima na inazidi tu kabla ya hedhi, hiyo ni sonona ya kawaida inayochochewa na hedhi, na kuzima ovari hakutaiponya. Utakuwa umelipa nusu ya mshahara kila mwezi kwa jibu la swali lingine. Kwa kuwa mume wako anakuja wiki moja kati ya nne, andika pia siku za kuwapo kwake, ili usije ukaambiwa kwamba kinachokuumiza ni ndoa. Au ili ujue, kama ndiyo.

Ngazi ya pili ni ile fluoksetini uliyoitupa. Muuza dawa yule amekukosea sana, na angekuwa mbele yangu ningemwambia. Fluoksetini hutumika kwa sonona, na iko katika orodha ya dawa za msingi ya Shirika la Afya Duniani, lakini kwa ugonjwa wako ndiyo moja ya dawa zinazojaribiwa kwanza, pamoja na setralini. Tena ina jambo la pekee: kwa mtu mwenye sonona ya kawaida huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, bali kwa sonona ya kabla ya hedhi nafuu inaweza kuonekana ndani ya siku chache, kiasi kwamba wanawake wengine huimeza kila siku na wengine huimeza tangu yai linapopevuka hadi hedhi tu. Siku nne hazikutosha kuihukumu. Ipewe angalau mizunguko miwili au mitatu kwa kipimo ambacho daktari ataamua. Kichefuchefu na kichwa kuuma vinaweza kuja mwanzoni, hamu ya tendo la ndoa inaweza kupungua, na ikitokea mwanzoni ukahisi mawazo ya usiku yanazidi, rudi kwa daktari mara moja. Mweleze pia dawa zote unazomeza, hasa tramadoli ambayo wengi wetu tunaichukulia kama pipi za maumivu, kwa sababu zikichanganyika zinaweza kuleta degedege.

Kuna pia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye drospirenoni, ambayo nayo ni projestini, vinavyomezwa siku 24 na kupumzika 4, ambavyo Marekani iliviruhusu kwa ugonjwa huu mwaka 2006. Kwa kuwa projestini moja ilikwisha kukuumiza, ningevitaja kwa daktari kwa tahadhari tu, na havimfai mwenye presha ya juu, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni, wala aliyewahi kuganda damu.

Hizi zikijaribiwa ipasavyo zikashindwa, hapo ndipo sindano inapopata nafasi yake, na utaikubali ukiwa unajua kwa nini. Ukienda kwa daktari, usiende kubishana. Mwambie: Dokta, nimekuelewa, lakini naomba miezi miwili ya daftari na nafasi ya kurudia fluoksetini, kisha tukifika kwenye sindano, utanilinda vipi mifupa, na tutajuaje kwamba tuache au tuendelee? Akikasirika kwa maswali hayo, hospitali ya Sendwe na kliniki za Chuo Kikuu zina madaktari wengine wa wanawake, na kusikiliza rai ya pili siyo kumtukana wa kwanza.

Mama mkwe mwachie maombi yake. Mwambie kwa heshima kwamba unaomba pia, lakini hutafunga tena siku tatu katika wiki mbaya, kwa sababu mtu asiyelala na asiyekula anazidi kuumia. Pepo anayefuata kalenda ya hedhi miaka mitano bila kukosea ni mambo ya mwili, na nadhani hata mchungaji mwenye busara atakubali akiliona daftari.

Mume wako ndiye ninayemhurumia kidogo, kwa sababu amekutana na wanawake wawili katika nyumba moja bila kuelezwa. Usimweleze kwa simu, wala katika wiki mbaya. Akirudi Lubumbashi wiki yako ikiwa nzuri, mwoneshe safu za mwezi mmoja, weka kidole kwenye zile siku alizosema una mtu mwingine, kisha umwombe ahesabu mwenyewe. Mtu wa mgodini amezoea kusoma karatasi ya zamu, hiyo ataielewa. Na likizo yake inayofuata ikigongana na siku zile, mkubaliane mapema kwamba mazungumzo mazito yanasubiri mpaka siku ya pili ya hedhi.

Daftari lianze leo jioni, hata kama leo kila safu itakuwa na alama 1. Hizo 1 za wiki nzuri daktari atazihitaji kama atakavyozihitaji zile 6.

Mama Mshauri